Mistari Niliyoiita Takataka

24 Machi

Idd imekwisha na nimerudi Kilwa Masoko. Chumba chetu cha kazi kiko ghorofani, juu ya duka la vitambaa la Bi Shahbanu, na mvua ya kwanza ya masika imeshatuonyesha bati lilipotoboka. Nimeisogeza meza.

Josephat, msimamizi wangu, anataka kila mtu aandike anachofanya kila siku. Ya kwake nitayaandika kwenye kompyuta. Daftari hili ni langu.

Kazi yenyewe ni hii. Miaka thelathini iliyopita marehemu Mwalimu Yassini alizunguka vijiji vya vilimani akiandika waliyosema watu kuhusu mashamba, mipaka, maji na koo zao. Aliandika kama mtu alivyotamka: Kiswahili, Kimatumbi, pengine vyote viwili kwa pumzi moja. Aliacha madaftari mia mbili na kumi. Mradi umeyapiga picha, wachapaji wameyachapa, na mimi natengeneza programu ya kuyatafutia, ili mtu akiandika jina la kijiji au la babu yake apate kila mahali lilipotajwa.

Kwenye barua ya kuomba kazi niliandika kwamba Kimatumbi nakizungumza vizuri. Mama ni Mmatumbi. Mimi najua salamu, majina ya vyakula na matusi mawili. Hakuna aliyenipima.

27 Machi

Mvua. Umeme umekatika mara nne.

31 Machi

Wageni wanaotoa fedha za mradi wanakuja Juni, na programu inatia aibu. Leo nimetafuta neno "kisima" mbele ya Josephat, zikaja kurasa na kurasa za mistari iliyovurugika. Kimatumbi kimechapwa kila namna. Neno lile lile mchapaji mmoja kaliwekea irabu mbili, mwingine moja, mwingine kalikata katikati. Programu inadhani ni maneno matatu.

"Hafsa, wewe si ndiye Mmatumbi wetu?" Josephat akasema. "Yanyooshe hayo."

"Nipe siku mbili," nikamjibu.

Kuyanyoosha kunataka mtu anayekijua Kimatumbi. Nimefanya jambo jingine. Nimeweka kichujio: kila mstari, programu inakisia ni lugha gani, na ikishindwa kukisia, mstari unawekwa kando na hautafutwi tena. Mistari 11,406 imekwenda kando. Folda yake nimeiita Takataka, kwa haraka tu, nikijiambia nitabadilisha jina kesho.

Matokeo sasa ni safi. Josephat kapiga makofi.

2 Aprili

Bi Shahbanu kaniletea kashata na kuniuliza kama chumba kinavuja. Nimemwambia kidogo. Ndoo ilikuwa imejaa.

6 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Mwenyekiti wa baraza la ardhi la kijiji cha Namitende kampigia Josephat. Kuna ugomvi wa chemchemi, na mmoja wa wagomvi anasema jibu limo kwenye madaftari ya Mwalimu Yassini. Wanaiomba "ile mashine".

Josephat anarukaruka kwa furaha. Sikumwambia kwamba Takataka bado ina jina lile.

9 Aprili

Tumefika Namitende kwa bodaboda mbili, tope hadi magotini. Watu walikuwa wamejaa kwenye darasa la shule, wengine madirishani. Mzee Abdulrahmani, mwenyekiti, alitukalisha mbele.

Ugomvi ni wa watu wa damu moja. Evaristo, mtu wa miaka kama arobaini, anataka kuzungushia waya chemchemi iliyo katika shamba aliloachiwa na baba yake, marehemu Damasi, apande mboga za kupeleka Masoko. Shangazi yake, Bi Brigita, dada wa Damasi, anasema maji yale hayajawahi kuwa ya mtu mmoja. Ndiyo pekee yanayobaki meupe masika, mto ukishachafuka.

Bi Brigita alikuja kunisalimia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaendelea kwa Kimatumbi, maneno mengi, akimalizia kwa kucheka. Nikacheka nami. Sikuelewa hata neno moja. Akaniuliza kwa Kiswahili, "Umenielewa, mwanangu?"

"Nimekuelewa, mama."

Alipopewa nafasi alisimama akasema hivi: "Kaka yangu alisema mwenyewe, mbele ya Mwalimu, nami nimekaa pale. Alisema maji ni ya watu wote. Mwalimu aliandika. Nilimwona akiandika."

"Binti, tutafutie," Mzee Abdulrahmani akasema.

Niliandika Damasi, Namitende, chemchemi. Ukaja mstari mmoja, safi kabisa. Nikausoma kwa sauti ya kuhutubia: "Damasi anasema, shamba langu linafika kwenye chemchemi, nayo imo ndani ya mpaka wangu."

Darasa likanong'ona. Evaristo alikuwa anatazama sakafu.

"Soma mbele," Bi Brigita akasema.

"Hakuna mbele, mama. Ndio mwisho."

"Upo mbele. Soma."

Nikatafuta tena, kwa maneno mengine, nikijua watu wananiangalia. Hakuna. Na hapo nikasema neno ambalo hakuna aliyeniomba niliseme: "Mama, kama lingekuwepo, kompyuta ingelileta. Hii haisahau kama sisi binadamu."

Watu walicheka. Hata wale wa madirishani walicheka.

Baraza likaamua maji yamo ndani ya shamba la Evaristo na ana haki ya kuyazungushia. Kisha mzee mmoja akadai Bi Brigita aombe radhi kwa kumtilia marehemu maneno mdomoni. Nilidhani mwenyekiti atakataa. Hakukataa. Bi Brigita alisimama, akaikaza khanga yake kiunoni, akamgeukia mtoto wa kaka yake.

"Nisamehe, Evaristo."

Alisema kwa Kiswahili, taratibu, ili kila mtu asikie. Evaristo aliitikia kwa kichwa bila kuinua macho. Josephat alikuwa anapiga picha.

10 Aprili

Josephat kaandika kwenye taarifa ya mwezi: "Teknolojia yamaliza mgogoro wa ardhi." Kaniwekea picha. Natabasamu ndani yake, na nyuma yangu, pembeni, Bi Brigita anatafuta njia ya kutokea.

13 Aprili

Nimekagua mistari mitano ya majina. Kazi inakwenda.

17 Aprili

Nimekutana sokoni na Rosa, anayeuza machungwa. Ni jirani wa Bi Brigita kule Namitende. Alinikumbuka.

"Wewe ndiye wa ile mashine."

Nikamwuliza habari za kijijini. Evaristo kazungusha waya. Wanawake wanateka mtoni, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na watoto wa nyumba mbili wanaharisha. Bi Brigita kaacha kwenda kanisani.

"Kwa nini?"

"Wanamwita Soma Mbele. Akipita tu, vijana wanasema, 'Soma mbele, bibi.' Mtu amwongelee kaka yake uongo, jamani, hata mimi nilishangaa. Ila ndiyo hivyo, mashine imesema."

Nilinunua machungwa mengi kuliko niliyoyahitaji.

21 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kama lilivyotokea.

Asubuhi Bi Shahbanu kapanda juu. Babu yake alikuwa na duka vilimani, na familia iliupa mradi barua zake za Kigujarati zichapwe pamoja na madaftari. "Nataka kumwonyesha mdogo wangu Batool barua ya harusi ya bibi yetu," akasema. "Nitafutie, mwanangu."

Nikatafuta jina la babu yake. Hakuna. Jina la duka. Hakuna.

"Mmezipoteza?" akauliza, na uso wake ukabadilika.

Hapo nikakumbuka kichujio. Programu yangu haijui Kigujarati. Nikaifungua Takataka mbele yake, na jina la folda lipo juu ya skrini, kwa herufi kubwa. Barua zote zilikuwamo. Bi Shahbanu anasoma Kiswahili vizuri sana. Akaniangalia, akaangalia skrini, akasema, "Alhamdulillahi, zipo," akashuka chini bila kungoja nimtolee nakala.

Nilibaki nimekaa. Kisha nikaandika Damasi, humo humo ndani.

Daftari la themanini na nane, Namitende. Mstari unaofuata ule niliousoma barazani. Mwalimu aliandika nusu ya kwanza kwa Kiswahili, na Damasi alipogeukia lugha yake, Mwalimu akageuka naye. Ni mistari mitatu ya Kimatumbi. Naona jina la Damasi. Naona jina la Evaristo. Mengine naweza kuyatamka herufi kwa herufi, na sijui yanasema nini.

Kwa hiyo upo mbele. Upo, na mimi niliyelipwa mshahara wa kujua Kimatumbi siwezi kuusoma.

22 Aprili

Sikusema kitu.

23 Aprili

Sikusema kitu. Mvua tangu alfajiri.

25 Aprili

Jana nimepanda basi hadi Lindi, nyumbani kwa mama, Mtanda. Nilimwambia nimemkumbuka tu. Baada ya chai nikatoa karatasi.

"Mama, hebu nisomee hapa."

Alivaa miwani. Alisoma kimya kwanza, kisha kwa sauti, na sauti yake ikawa ya mtu nisiyemjua, nyepesi, ya haraka, kama msichana. Akaniambia kwa Kiswahili:

"Anasema hivi. 'Lakini maji si yangu. Niliyakuta, nitayaacha. Nikifa, mwanangu Evaristo asije akamzuia mtu. Dada yangu Brigita yupo hapa, anasikia.'"

Nikainamisha kichwa. Mama akavua miwani.

"Hafsa. Hiyo kazi si uliniambia wamekuchukua kwa sababu unakijua Kimatumbi?"

"Niliwaambia nakijua."

"Basi mbona umeniletea mimi?"

Nikamweleza yote, darasa, mstari, kicheko, ile radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikaripia, na ningependa angenikaripia. Akasema, "Unakumbuka ulipokuwa darasa la tano, wakaja rafiki zako wa mtaa wa Rasbura? Nikakuita kwa Kimatumbi uje uchukue maji ya kunywa. Hukuitika. Walipoondoka ukaniambia, 'Mama, usiniite kishamba mbele za watu.'"

Nakumbuka. Nilidhani kasahau.

"Nikaacha," akasema. "Sikutaka kukuaibisha."

Mchana kutwa alinikalisha jikoni akinifundisha mistari ile mitatu, neno kwa neno, wapi pa kuvuta na wapi pa kukata. Mara nyingi nilikosea. Hakucheka hata mara moja.

27 Aprili

Nimemwambia Josephat. Kichujio, Takataka, Damasi, na kwamba Kimatumbi sikijui.

Alinigeukia. "Ulidanganya kwenye barua?"

"Ndiyo."

"Unajua taarifa imeshakwenda? Na picha?" Akainuka, akafunga mlango, ingawa tulikuwa peke yetu. "Sikiliza. Ondoa kichujio kimyakimya. Tafuta mtu wa kunyoosha hayo maneno. Wageni wakishaondoka Juni, tutakwenda Namitende na kusema kwamba programu imeboreshwa, imepata mstari mpya."

"Mstari si mpya."

"Hafsa, unataka tufunge mradi kwa ajili ya bibi mmoja?"

Nikasema nitakwenda barabara ikipitika, kwa likizo yangu na kwa jina langu. Akasema niende, lakini nisimtaje. Nimekubali. Hata hilo la kukubali linaniuma.

29 Aprili

Daraja la njia ya Namitende limefunikwa na maji. Nimeondoa kichujio. Nimebadilisha jina la folda. Ni rahisi sana, sekunde mbili.

1 Mei

Bado daraja. Ndani ya moyo nimefurahi, na nimejiona nikifurahi.

5 Mei

Nimefika Namitende saa nne asubuhi na kwenda moja kwa moja kwa Bi Brigita. Alikuwa anachambua kunde kibarazani. Nilimwamkia, akaitikia, hakunikaribisha kukaa. Nikasema nikiwa nimesimama: mstari upo, nimeukuta, niliutupa mimi, na siku ile nilidanganya kwamba nimemwelewa.

"Nilijua hukunielewa," akasema. "Nilikuuliza kama umekula, ukacheka."

Nikamwomba radhi. Akaendelea kuchambua kunde.

Mzee Abdulrahmani aliitisha baraza mchana ule ule. Mvua ilikuwa kubwa, wakaja watu tisa. Evaristo hakuja. Nikasoma mistari mitatu ya Damasi kwa Kimatumbi, vibaya, na mara hii niliyechekwa nilikuwa mimi. Mwenyekiti akasema baraza limesikia, litamwita Evaristo, na Bi Brigita hana hatia. Nikadhani yamekwisha.

Bi Brigita akasimama. "Siku ile walikuwa wangapi hapa?"

"Wengi, mama," mwenyekiti akajibu.

"Leo tisa." Akanigeukia. "Wale wengine wafuate makwao. Kila nyumba. Na usiwaambie mashine ilikosea."

6 Mei

Nyumba kumi na tisa leo. Nimelala kwa Rosa, naandika alasiri kabla ya kiza.

Kila mlango nasema vile vile: mimi ndiye niliyesema hakuna, nilisema uongo, haya ndiyo maneno ya Damasi. Kisha nayasema. Wengine wananipa kigoda. Wengine wananisikiliza huku wanaendelea na shughuli zao. Mama mmoja, ambaye mtoto wake aliharisha kwa maji ya mto, alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango taratibu. Vijana wawili walioanzisha lile jina la Soma Mbele waliangaliana, kisha mmoja akanisahihisha matamshi.

Rosa, kwake, aliniambia, "Mimi niliamini mashine. Bibi nimemjua maisha yangu yote."

7 Mei

Nyumba kumi na nane. Ya mwisho ilikuwa ya Evaristo. Niliiacha ya mwisho kwa woga.

Alikuwa ndani, peke yake, mke wake kaenda mtoni. Nilisema niliyoyasema kote. Nilipofika kwenye maneno ya baba yake aliinua mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Akalitamka neno moja kama baba yake alivyolitamka, nikalifuata. Akafuta uso kwa kiganja.

"Nilikuwepo," akasema.

"Wapi, kaka?"

"Siku Mwalimu alipokuja kuandika. Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa miguuni pa baba. Aliponitaja alinishika kichwani. Hivi." Akajishika kichwa. "Siku ile ya baraza nilikuwa nangoja ulisome. Jasho lilikuwa linanitoka. Uliposema hakuna, nikajiambia, basi, labda hata marehemu kaniachia."

Nilikuwa nimekuja kukiri kosa langu, nikakuta kubwa kuliko langu limekaa kwenye kigoda.

"Wewe hukujua," akasema. "Mimi nilimwacha shangazi aniombe radhi, na mimi najua."

"Mimi nilijua kwamba sijui," nikamwambia. "Nikasema najua."

Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na koleo la kukatia waya. Tulishuka chemchemini mvua ikinyesha. Yeye anakata, mimi navuta na kukunja. Waya umenichana viganja vyote viwili. Tulipomaliza akaniomba nimtangulie kwa shangazi yake, nimwambie.

"Mimi nimeshakwenda," nikasema. "Nenda wewe."

Alikwenda. Nilimwona kutoka kwa Rosa: kasimama uani kwa Bi Brigita, mvua inampiga, kofia mkononi. Shangazi yake alikuwa kibarazani na hakumwambia ajikinge. Alimwacha asimame hapo muda wa kuchemsha chungu cha kunde. Kisha sikuona, kwa sababu mvua ilizidi.

11 Mei

Josephat kauliza, "Imekwendaje?" Nimemjibu, "Nimesema." Hakuuliza zaidi.

14 Mei

Mama anakuja Masoko wiki ijayo kuanza kunyoosha maneno na wachapaji. Mradi utamlipa. Barua za Kigujarati nimempa Bi Shahbanu mwenyewe anionyeshe herufi. Kanifundisha saa nzima dukani kwake, kwa adabu, bila kashata.

20 Mei

Leo Bi Brigita kapanda ngazi za ghorofa yetu, Rosa akimfuata. Kaja kuona maneno ya kaka yake yanapokaa.

Nimemwekea kiti. Nimeandika Damasi, na mistari yote minne ikaja, wa Kiswahili na ile ya Kimatumbi. Nikamsomea mpaka mwisho. Alisogeza uso karibu na skrini, ingawa hajui kusoma.

"Na siku uliyosema hakuna," akasema, "imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa, mama."

"Iandike."

Josephat akainua kichwa kutoka mezani kwake. "Mama, haya ni madaftari ya Mwalimu Yassini tu. Na wageni wanakuja..."

Bi Brigita hakumtazama. Alianza kusema, kwa Kimatumbi, polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Rosa alinisaidia herufi na maana. Bi Brigita alisema alikuwa wapi, nani alikuwepo, alisema nini, aliambiwa nini, nani walicheka. Alisema aliomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya. Chini yake niliandika yangu kwa Kiswahili: "Tarehe 9 Aprili mimi, Hafsa Selemani, sikuelewa alichosema Bi Brigita, nikasema nimeelewa. Mstari wa Damasi ulikuwepo. Niliutupa mimi."

Alitaka nimsomee ya kwake mara tatu. Mara ya tatu akanisimamisha kwenye neno moja.

"Vuta."

Nikaongeza irabu. Nikasoma tena.

"Sasa," akasema. "Mtu akitafuta jina langu, atayakuta yote?"

"Yote, mama."

"Na la kwako?"

"Atalikuta na la kwangu."

Aliridhika, au alichoka, sikuweza kujua. Akasema wanawahi gari la saa nane. Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikumwuliza. Mvua ilikuwa imelowesha ngazi, nikampa mkono ashuke. Aliushika mpaka ngazi ya mwisho, kisha akauachia, akakaza khanga, akavuka barabara na Rosa bila kugeuka.